Fundi Aliyehesabu Mapigo ya Umeme

Songea ya miaka ile ilikuwa na mafundi umeme wengi kuliko umeme wenyewe, lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza kitu, watu wa Majengo walijua unamsema nani. Jina lake nalijua na sitaliandika, maana mwenyewe hakupenda kutajwa. Mchora vibao aliwahi kumwandikia jina lake kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana; akaambiwa alifute, aandike kazi. Likabaki neno moja tu, INVETA, na kwa kuwa wengi walikuwa hawajawahi kulisikia, walidhani ndilo jina la mwenye nyumba. Wapo waliomwandikia barua: Kwa Bwana Inveta, Majengo, Songea. Na zilifika.

Inveta, kwa asiyejua, ni mashine inayochukua umeme wa betri, hizi za magari, na kuugeuza uwe kama ule wa ukutani, ili taa na friji visijue kwamba umeme wa mji umekatika. Siku hizi zinauzwa madukani kama ndoo. Wakati huo biashara huria ndiyo kwanza ilikuwa inafungua milango, redio na pasi za kila rangi zikiteremshwa kwenye malori kutoka Dar, na mji mzima ulitegemea majenereta ya dizeli yaliyochoka. Mimi nilikuwa mwendesha mashine katika kituo cha majenereta hayo. Kwa hiyo naweza kusema kwamba mimi nilitengeneza umeme, yeye akaulalamikia, na ndivyo tulivyojuana.

Walalamikaji nilikuwa nawajua wa kila aina. Kuna waliokuja na matusi, kuna waliokuja na redio iliyoungua wameibeba mkononi kama ushahidi. Yeye alikuja na daftari la shule. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, kisha akafungua ukurasa na kunisomea: jana jioni, saa moja na nusu, mapigo yalikuwa arobaini na sita. Nikamuuliza mapigo gani. Akaniangalia, nadhani akipima kama nafaa kuelezwa.

"Umeme unapiga, kijana," alisema. "Mara hamsini kwa sekunde, mashine yako ikiwa nzima. Wewe unaangalia volti tu. Mtu anaweza kuwa na damu ya kutosha na moyo mbovu."

Chuoni tulifundishwa kukiita kitu hicho masafa, nikamwambia hivyo, kwa kujidai kidogo. Akasema masafa ni ya kwenda Tunduru. Mimi ni Myao wa hukohuko Tunduru, nimekaa kwenye basi la njia ile siku mbili nzima matope yakiwa mengi, na tangu hapo sijaweza kulitumia neno masafa kwa umeme bila kuliona basi lile limekwama. Nikafuata lake.

Neno hilo liliwahi kuzua kizaazaa. Masista wenye zahanati ndogo upande wa Matogoro walikuwa na friji ya chanjo, na Fundi ndiye aliyewatengenezea inveta yao. Alimfundisha muuguzi wa zamu kusoma kijisaa cha mbele ya mashine na kumpelekea habari mambo yakiharibika. Siku moja muuguzi akaandika kwenye karatasi, "Mapigo yameshuka hadi arobaini na tano", akampa mtunza bustani aipeleke Majengo. Njiani mtunza bustani akakutana na daktari anakuja kwa pikipiki, akaona bora ampe yeye, mtu mkubwa. Daktari akasoma, akaongeza mafuta, akaingia wodini mbio akiuliza mgonjwa yuko wapi. Wakamwonyesha friji. Fundi aliposimuliwa hakucheka hata kidogo. Alisema daktari amefanya sawa, na laiti watu wa kituo changu nao wangekimbia hivyo.

Sifa ya mashine yake ilikuwa hii. Inveta za kawaida zilikuwa viziwi. Zilipiga hamsini zao, mji upige utakavyo, na umeme wa mji uliporudi na arobaini na saba zake, mashine mbili zilikutana kila moja na mwendo wake, na kitu kikaungua. Fundi alitaka yake isikilize. Akapata chipu, kijidude cheusi chenye miguu mingi kama tandu, kutoka kwenye mashine mbovu iliyoachwa na mnunuzi wa vito wa kigeni aliyepita hapa akielekea Tunduru. Chipu hiyo akaipa kazi ya kuhesabu: kati ya pigo moja na jingine umepita muda gani? Ukiwa mrefu, mji umechoka, nawe punguza mwendo. Maagizo aliyaandika kwa tarakimu na herufi, kurasa kwa kurasa, na pembeni ya kila mstari akaweka maana yake kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa viboko.

Maagizo hayo yalihifadhiwa kwenye chipu nyingine, yenye kidirisha cha kioo mgongoni. Ukikosea mstari mmoja huwezi kuufuta huo peke yake. Unafuta yote, na kinachofuta ni mwanga mkali kupitia kile kioo. Wenye maabara wana taa yake maalumu. Fundi alikuwa na jua. Alizianika chipu zake uani kwenye sinia, kama watu wanavyoanika dagaa, akafunika kwa wavu kwa ajili ya kuku, na baada ya wiki hivi zilikuwa tupu, tayari kuandikwa upya. "Kosa moja, wiki moja ya jua," alikuwa akisema. Masika hakuandika kitu kipya, maana hakuwa na pa kufutia. Nilimtania kwamba katika mkoa mzima wa Ruvuma, mkoa wa mahindi, yeye ndiye mtu pekee anayeomba mvua isinyeshe.

Naamini jua hilo ndilo lililomfanya awe mtu alivyokuwa. Sisi wengine tunakosea tukijua tutarekebisha kesho. Yeye alisoma kila mstari mara saba kabla ya kuuandika, kwa sauti, kidole kikitembea, na mtu akiingia karakanani wakati huo alibaki mlangoni amesimama mpaka ukurasa uishe, hata angekuwa mkuu wa polisi.

Sehemu ngumu, aliniambia, si kupiga bali ni kujiunga. Alinieleza kwa lizombe, ngoma ya kwao Wangoni. Mchezaji aliyechelewa hajitupi tu mstarini. Husimama pembeni, akatikisa mwili taratibu mpaka mguu wake uwe mguu wa wenzake, ndipo akaingia, na asiyejua hatambui kwamba kuna mtu ameongezeka. Akiingia kabla ya hapo atamkanyaga mtu. Mashine yake ilifanya hivyohivyo umeme uliporudi: ilisimama pembeni na betri zake, ikasikiliza, ikasogeza mapigo yake polepole, kisha ikaukabidhi mji kazi. Kwenye daftari hatua hiyo iliandikwa "subiri mguu". Aliinuka kunionyesha, mzee mzima, katikati ya vipande vya nyaya sakafuni, na alicheza vizuri kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyevaa miwani iliyofungwa kwa waya.

Msidhani alikuwa malaika. Mtu aliyeweza kukwambia sehemu ya hamsini ya sekunde imepotea wapi hakuwahi kufika misani kwa wakati, na padre alizoea kusitisha mahubiri kidogo ili Fundi apite, akae. Nyumbani kwake umeme uliishia karakanani. Chumbani na sebuleni waliwasha chemli, kwa madai kwamba umeme ni wa kazi na macho nayo yanahitaji kupumzika. Mkewe alikuwa akilalamika mbele ya wageni kwamba yeye ni mke wa Bwana Inveta na vidole vyake vinanuka mafuta ya taa. Fundi alimsikiliza kwa heshima, akakubali kwamba ana haki, na chemli ikabaki.

Wateja aliwasumbua. Aliwaita wenye vitu vipya "watu wa maboksi", na mtu akimletea kifaa kilichoungua wiki ya pili baada ya kununuliwa, alisomewa somo zima kabla bisibisi haijaguswa. Lakini maboksi yenyewe hakutupa hata moja; yalijaa darini mpaka dari ikashuka. Na alikuwa wa kwanza kusema kwamba bila soko huria asingepata chipu yake. Mlango ukifunguliwa, alisema, huingia mgeni na huingia nzi, na mwenye nyumba ana mikono miwili.

Kitu nilichompendea kuliko vyote ni kwamba alijua kusema "sijui". Alilisema bila kuona haya, kama mtu anayetaja saa. Katika kazi zetu hizi neno hilo ni adimu. Mimi mwenyewe sikuwa nalo, na hapo ndipo penye jambo lililonifanya nikae kuandika haya.

Mwaka huo kulikuwa na orodha. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, kila ofisi ikitakiwa kutaja wa kwenda nyumbani, na mkuu wa kituo chetu alikuwa na karatasi ndani ya droo ambayo sote tuliijua. Nilikuwa na watoto watatu na onyo moja tayari, la kusinzia zamuni. Onyo la pili lingekuwa la mwisho.

Akafariki mzee mmoja wa Majengo, mwenye mashine nyingi za kusaga, mtu aliyependwa. Wasagaji wenzake wakakubaliana kwamba jeneza likiwa njiani kutoka msikitini, saa saba na nusu mchana, mashine zote za kusaga mjini zizimwe kwa pamoja, kwa heshima. Mimi sikuwa nimeambiwa. Nilichojua ni kwamba msafara utapita mbele ya geti letu. Mwislamu yeyote anajua kwamba kulitia bega jeneza, hata hatua chache, kuna thawabu, na marehemu alikuwa amewahi kunisaidia. Mwenzangu alikuwa amekwenda kula. Nikaangalia paneli: mshale wa mapigo umetulia kwenye arobaini na nne, palepale ulipokuwa tangu asubuhi. Nikatoka. Nilikusudia hatua kumi. Lakini jeneza lina utaratibu wake, bega linapokezana na bega, watu wanakusukuma mbele, na nilipokuja kupokelewa nilikuwa nimefika kona, mbali na geti.

Huku nyuma mota zote za kusagia zilikuwa zimezimwa kwa mara moja. Jenereta likajikuta limetuliwa mzigo, kama punda aliyekatikiwa kamba za magunia, likaanza kukimbia. Kuna kifaa cha kushika mwendo wa injini, tunakiita gavana; cha kwetu kilikuwa kimechakaa na kilihitaji mkono wa mtu ukisaidie. Mkono wangu ulikuwa barabarani. Mapigo yakapanda hamsini, hamsini na mbili, hamsini na tano. Nilisikia sauti ya injini imebadilika nikiwa kule konani, nikarudi mbio huku kofia imeanguka.

Matogoro, inveta ya masista ilikuwa imejitoa tangu asubuhi kwa sababu mapigo yalikuwa chini mno, ikilisha friji kwa betri. Umeme ulipoanza kupanda ikajiandaa kujiunga. Lakini iliyokutana nayo ni hali ambayo haikuwahi kuelezwa. Mapigo ya haraka kiasi kile hayakuwa na maana yoyote katika maagizo yake, ikayasoma kama yamekwisha kulingana na yake, ikaingia katikati ya hatua. Transista, vile vijidude vinavyokata na kuunga umeme ndani ya inveta, zikalipuka, mota ya friji ikaungua. Barafu ilitafutwa mji mzima, ilipopatikana chanjo zilikuwa zimeharibika. Jumatatu yake niliwaona kina mama waliotembea kutoka mbali wakirudi na watoto mgongoni bila kuchanjwa. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, lakini nilishindwa kuwatazama usoni.

Tukaitwa ofisini kwa mkuu wa kituo: Sista mkuu wa zahanati, Fundi na mimi. Barua yangu ya kuachishwa kazi ilikuwa imeshapigwa chapa, naiona juu ya meza, imekandamizwa na rula. Mkuu akaniuliza kama nilikuwa mbele ya paneli mapigo yalipopanda. Nikasema nilikuwepo. Nikasema gavana ilinishinda nguvu. Nilisema hivyo nikimtazama machoni, na sauti yangu haikutetemeka, jambo ambalo mpaka leo linanitisha.

Mkuu akasema mwendesha mashine aliyeshindwa na mashine hana kazi, akasogeza rula. Ndipo Fundi akaomba nafasi. Akalifungua lile daftari, akamgeuzia Sista ili naye aone.

"Hapa nimeandika, mapigo yakishuka, shuka nayo. Hapa, yakirudi, subiri mguu. Nimetafuta nilipoandika yakipanda. Hapapo."

Sista, ambaye alimheshimu sana, alimuuliza kwa upole ilikuwaje akasahau kitu kama hicho.

"Sikusahau, Sista. Sikuwaza. Miaka yote niliyokaa Songea umeme haujawahi kutuzidi. Nikatengeneza mashine ya watu wenye shida."

Akaendelea kueleza kwamba mashine iliyo timamu ingekaa pembeni hata kama mji ungepiga mia, na kwamba friji iliunguzwa na inveta yake, si na jenereta. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Akamwuliza kama anajua anachokisema, maana masista walikuwa wamekubali inveta zake ziwekwe kwenye zahanati zao nyingine nne, kazi ambayo ingempa jina mkoa mzima. Fundi akasema anajua. Barua ikarudi ndani ya droo. Zahanati zile nne zikaletewa mashine za maboksi kutoka nje, nami nikaendelea na kazi mpaka nilipostaafu.

Nilitoka ofisini mle bila kumwambia ukweli. Yeye alikwenda moja kwa moja kuianika chipu, wiki ya jua, akaandika upya akiongeza mistari ya kupanda, akawarudishia masista mashine yao ikiwa nzima. Wakaipokea, wakaitumia kwa taa tu. Tangu hapo akapata swali jipya, na alimuuliza kila mtu mwenye mpango: na ikizidi? Alimwuliza mkulima wa tumbaku anayejenga banda, alimwuliza baba wa bibi harusi. Watu waliliona swali la ajabu, na wengine walilicheka. Mimi nilikunywa chai karakanani kwake miaka mingi baada ya pale, tukabishana, tukataniana, na kila nilipoondoka nilijiambia nitamweleza kesho.

Nilipostaafu nikamfuata. Alikuwa amehamia Matogoro, kwenye shamba dogo chini ya msitu, macho yamepungua, karakana ameiuza. Nilikwenda Jumamosi asubuhi kwa miguu, ili nipate muda wa kupanga maneno, na nilipofika yote yalikuwa yamenitoka. Nilimkuta amekaa barazani na ungo wa maharage magotini, akichambua kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Nikamwambia shikamoo, akasema marahaba, akanijua kwa sauti, akauliza habari za majenereta. Nikamwambia yamezimwa, mji una umeme mwingine. Akatikisa kichwa.

Nikamwambia kilichonileta. Nilimweleza jeneza, bega, ile kona, na uongo niliousema ofisini naye amekaa pembeni yangu. Nilimwambia kwamba nimemheshimu kuliko baba zangu wadogo wote na bado nilimwachia abebe kilichokuwa changu. Sikulia, lakini ilikuwa karibu. Muda wote huo vidole vyake havikuacha kuchambua.

"Dakika kumi na moja," alisema nilipomaliza.

Sikuelewa. Akanieleza kwamba siku ile transista ziliungua lakini chipu haikuungua. Betri ilikuwepo, ikaendelea kuhesabu. Alikuwa ameiagiza iweke kumbukumbu ya mapigo kila dakika, kwa ajili ya kujifunza kwake, na jioni ileile, kabla hatujaitwa na mkuu, alizisoma zote. Mapigo yalikaa juu ya hamsini na tatu dakika kumi na moja. Mtu akiwa mbele ya paneli, alisema, hata awe mvivu kama wewe, hazifiki mbili.

Nikamwuliza kwa nini basi alinyamaza, hali ushahidi anao mkononi na kazi ya zahanati nne inampotea.

"Mimi niliulizwa mashine yangu," alisema. "Ya kwako uliulizwa wewe."

Kisha akausogeza ungo ukawa katikati yetu, akanionyesha upande wangu, nami nikaanza kuchambua.